Istilahi za Mekanika ya Udongo Usiojaa Maji kwa Kiswahili: Uhakiki Unaoegemea Mazingira ya Buger, Wilaya ya Karatu

3.1 Utangulizi

Sura hii inahakiki namna vitabu vya msingi vya mekanika ya udongo usiojaa maji vinavyoijenga taaluma hiyo kwa maneno, na namna maneno hayo yanavyoweza kupata istilahi za Kiswahili. Uhakiki umeegemezwa katika mazingira ya kata ya Buger, wilayani Karatu, mkoani Arusha. Mtafiti si mhandisi. Ni mwanaisimu anayeshughulikia istilahi, na milinganyo iliyomo humu ameisoma kama msomaji wa matini anavyosoma, yaani kwa kuuliza kila mara ni jambo gani limesemwa na ni lipi limenyamaziwa. Udhaifu wa mkabala huo unakubaliwa tangu mwanzo. Hata hivyo, kuna sababu ya kutoiacha kazi hii mikononi mwa wahandisi peke yao. Istilahi ikikosewa katika uwanja huu, hasara haiishii kwenye kamusi. Mtu anayejenga chini ya ukingo wa korongo huamua kwa maneno aliyopewa, na neno tulilozoea kumpa, kwamba hatari huja pale udongo unapokuwa “umeshiba maji”, linamwelekeza vibaya. Hoja hiyo ndiyo inayobeba sura nzima.

Buger ni eneo la miinuko, karibu na msitu wa Marang, upande wa magharibi wa Ziwa Manyara. Mvua hunyesha kwa misimu: vuli, kisha masika ya Machi hadi Mei, baada ya hapo hufuata miezi mirefu ya ukavu. Kwa hiyo, katika sehemu kubwa ya mwaka udongo wa juu, ule unaobeba misingi ya nyumba, kuta za barabara zilizochongwa na kingo za makorongo, huwa na maji kiasi na hewa kiasi. Hali ambayo taaluma imeipa jina la ukanushi, “usiojaa”, ndiyo hali ya kawaida ya mahali hapa. Kujaa ndiko kunakotokea kwa nadra.

3.2 Jambo lenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno ni lazima kueleza kinachotajwa. Mtoto aliyecheza ufukweni anajua kwamba mchanga mkavu haujengi kitu: ukiumwaga hutengeneza kichuguu chenye mteremko wa wastani na hauendi zaidi ya hapo. Mchanga wenye unyevu kidogo husimama wima kama ukuta. Wimbi likiufikia ukuta huo, unaporomoka. Mchanga ni uleule katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni maji. Katika hali ya kati, maji hukaa kama madaraja madogo kati ya chembe na chembe, na kila daraja lina uso uliobonyea kuelekea ndani. Kwenye uso huo kanieneo ya maji huwa ndogo kuliko kanieneo ya hewa inayoyazunguka, na tofauti hiyo huzivuta chembe zikaribiane. Tofauti ya kanieneo hizo mbili ndiyo itakayoitwa *mfyonzo* katika tasnifu hii.

Mchanga una mfyonzo mdogo kwa kuwa nafasi zake ni kubwa. Mfinyanzi una nafasi ndogo mno, na huko mfyonzo hupanda sana. Udongo uliojaa maji na kugusana na maji huru una mfyonzo wa sifuri. Udongo uliokaushwa kwenye tanuri la maabara hukaribia kilopaskali 1,000,000. Kanieneo ya hewa tunayoivuta usawa wa bahari ni kama kilopaskali 101 tu. Ukubwa wa masafa hayo humshangaza msomaji mgeni, na unapaswa kumshangaza, kwani unaeleza kwa nini bonge la mfinyanzi la mwezi Septemba hulivunji ila kwa nyundo ilhali mwezi Aprili unalikanda kwa vidole.

Mfyonzo una tabia mbili nyingine zinazohitaji kukumbukwa katika uhakiki. Kwanza, unapoongezeka, udongo hupitisha maji kwa shida zaidi, kwa kuwa njia za maji zimekatwa na hewa. Pili, uhusiano kati ya mfyonzo na kiasi cha maji si mmoja. Udongo unaokauka na udongo unaolowana, hata ukiwa na mfyonzo uleule, haubebi maji kiasi kilekile. Tutalirudia jambo hili mwishoni, kwa kuwa limemshinda mtafiti.

3.3 Simulizi ya vitabu

Vitabu vingi vya utangulizi husimulia historia moja. Karl Terzaghi alichapisha kitabu chake cha mekanika ya udongo kwa Kijerumani mwaka 1925. Mwaka 1936, kwenye mkutano wa kwanza wa kimataifa wa taaluma hiyo uliofanyika Harvard, alitoa kauli mashuhuri kwamba mabadiliko yote yanayopimika ya umbo na ya uimara wa udongo yanatokana na mkazo fanisi, yaani mkazo wote ukitolewa kanieneo ya maji. Mlinganyo huo una alama tatu tu. Wepesi wake uliufanya uwe msingi wa kila kitu kilichofuata, na wepesi huohuo uliugeuza udongo uliojaa maji kuwa udongo wa kawaida. Si haki kumlaumu Terzaghi mwenyewe, kwani kitabu chake cha 1943 kina sura nzima juu ya nguvu za kapilari. Tatizo ni wafuasi waliokipangilia kisomo kwa namna ambayo mwanafunzi hukutana na hewa ndani ya udongo mwishoni, kama nyongeza.

Mwaka 1959 Alan Bishop wa London alipendekeza namna ya kuuokoa mlinganyo huo: aliongeza mfyonzo ukizidishwa na kigezo kimoja, kinachoandikwa kwa herufi ya Kigiriki khi, ambacho ni sifuri udongo ukiwa mkavu na moja udongo ukiwa umejaa. Kwa mhakiki wa matini, hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Khi haielezi udongo, bali inapima umbali wa udongo kutoka katika hali ambayo mwandishi ameichukua kuwa kamili. Ni ukanushi ulioandikwa kwa hesabu.

Pingamizi lilitoka Afrika. Mwaka 1962 J. E. Jennings na John Burland, kutokana na majaribio yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, walionyesha kwamba udongo mwingi mkavu uliobebeshwa mzigo huporomoka ndani kwa ndani unapolowanishwa. Mlinganyo wa Bishop unatabiri kinyume: maji yakiingia, mfyonzo hupungua, mkazo fanisi hupungua, basi udongo ungepaswa kuvimba. Nyumba zilizotitia baada ya bomba kupasuka zilikuwa shahidi wa kutosha. Kwa mtazamo wa mtafiti, makala hayo ndiyo mlango halisi wa taaluma, na kitabu cha Kiswahili kitakachoandikwa siku moja kingefaa kianzie hapo, si 1925.

Baada ya hapo, Delwyn Fredlund na Norbert Morgenstern walipendekeza mwaka 1977 kwamba mkazo na mfyonzo vichukuliwe kama vigezo viwili vinavyojitegemea, na mwaka 1990 Alonso, Gens na Josa wa Barcelona wakatoa kielelezo kinachoeleza uvimbaji na uporomokaji kwa pamoja. Kitabu cha Fredlund na Rahardjo cha 1993 kinabaki kuwa utangulizi ulio kamili kuliko vyote alivyovisoma mtafiti, ingawa ni kizito na hakimhurumii msomaji. Geoffrey Blight, mwanafunzi wa Bishop aliyerudi kufundisha Witwatersrand, aliandika mwaka 2013 kitabu kinachosomeka kwa urahisi zaidi, chenye mifano ya nchi kavu. Tukitazama ramani ya majina haya, yaani Saskatchewan, Johannesburg na Barcelona, tunaona taaluma iliyozaliwa mahali ambapo ardhi hukauka, lakini ikaendelea kujiita kwa jina walilolibuni watu wa ardhi yenye maji.

Kuna ukoo mwingine ambao simulizi hii huupita kwa haraka. Dhana ya mfyonzo haikuanza kwa wahandisi. Edgar Buckingham aliichapisha mwaka 1907 kutokana na kazi aliyoifanya katika Idara ya Kilimo ya Marekani, akichunguza jinsi maji yanavyosafiri ndani ya udongo. Wahandisi waliikuta shambani. Jambo hili lina uzito Buger, ambako wazungumzaji wengi ni Wairaqw na wakulima wana maneno mengi ya hali za udongo kuliko fundi yeyote wa ujenzi. Kamusi ya Kiiraqw ya Mous, Qorro na Kießling ya mwaka 2002 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtafiti atakayelifuatilia. Nyumba za kale za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa magogo na udongo, zilitegemea jambo hilihili: ukuta uliochongwa ardhini husimama kwa sababu hewa imo ndani yake.

3.4 Mfyonzo, ufyonzaji na ugumu wa kirejeshi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilifungua njia kwa masomo matatu. Uhandisi wa udongo haukuwa lengo lake. Mwandishi wa uwanja huu basi hukopa kutoka huko na kuunda mengine. Kanieneo imeshazoeleka katika vitabu vya sayansi, na mkazo hauna mgogoro mkubwa. Mgogoro uko kwenye maneno mawili.

La kwanza ni jina la dhana kuu. Wagombea ni watatu: mnyonyo, mfyonzo na kiu. Mnyonyo unaachwa kwa kuwa kitenzi chake kinamfuata mtoto na ziwa la mama, na kwa matumizi ya kisiasa kinamfuata mnyonyaji. Msomaji hatakuwa huru na picha hizo. Kiu ina mvuto mkubwa. Wazungumzaji husema kwa kawaida kwamba ardhi ina kiu, na sitiari hiyo ina ukweli wa kifizikia ambao maneno ya kitaalamu hayana: kiu ni hali, hupungua kwa kunywa, na watu wawili waliokunywa maji sawa wanaweza kuwa na kiu tofauti, kama vile mchanga na mfinyanzi wenye kiasi sawa cha maji walivyo na mfyonzo tofauti. Lakini kiu ni ya mwenye uhai na ina matakwa. Tena haikubali kupimwa. “Kiu ya kilopaskali 50” ni maneno yatakayochekesha darasa. Inafaa kwa kufundishia, na ibaki huko.

Inabaki mfyonzo. Pingamizi linalotolewa dhidi yake ni kwamba kufyonza ni kitendo cha kuingiza maji, ilhali mfyonzo wa kitaalamu upo hata pale ambapo hakuna tone linalosogea. Pingamizi hili ni la kweli kwa kitenzi, si kwa nomino. Kiswahili kina njia mbili za kuunda nomino kutokana na kitenzi cha namna hii, na zimetenganishwa kimaana na matumizi. Mvuto si uvutaji. Mvuto wa dunia upo juu ya kitabu kilichotulia mezani. Uvutaji unahitaji mtu na kamba. Vivyo hivyo mfyonzo uwe hali inayopimika kwa kilopaskali, na ufyonzaji uwe mchakato wa maji kuingia. Lugha ilikuwa na tofauti hii kabla ya wahandisi kuihitaji.

Neno la pili ni gumu zaidi. “Usiojaa” ni kirejeshi kanushi, na kirejeshi hicho hakibebi njeo. Udongo usiojaa ni udongo ambao kwa tabia yake haujai, kama mtoto asiyesikia. Msomaji anaelewa aina ya udongo, kana kwamba upo udongo wa namna hii na mwingine wa namna ile, ilhali ni udongo mmoja katika siku mbili tofauti. Ukijaribu “ambao haujajaa”, kiambishi -ja- kinaleta matarajio: haujajaa bado, utajaa. Hapo kujaa kumefanywa hatima. Kati ya makosa hayo mawili mtafiti amechagua la kwanza, kwa sababu fupi kwamba jina la taaluma linahitaji ufupi na kwamba wasomaji wa fani wameshaanza kulitumia. Amelichagua bila furaha. Pendekezo la mwenzake mmoja la “udongo wa awamu tatu”, yaani chembe, maji na hewa, lilikuwa zuri mpaka ilipokumbukwa kwamba Fredlund na Morgenstern wanauhesabu utando uliopo kati ya maji na hewa kuwa awamu ya nne.

3.5 “Kushiba” na maonyo

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, kusini mwa Karatu, ng'ambo ya Mbulu, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki dunia. Maelezo yaliyotolewa na Serikali yalikanusha uvumi wa volkano na kueleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhoofu ilinyonya maji, ikameguka na kuwa tope. Sura hii haichunguzi chanzo cha maafa hayo. Hiyo ni kazi ya wanajiolojia. Inachunguza picha iliyobaki katika mazungumzo ya watu baadaye: mlima ulikunywa hadi ukashiba, kisha ukatapika. Picha hii inasambaa, inakumbukwa, na ina kasoro moja kubwa. Inaweka hatari kwenye shibe.

Kasoro hiyo inaonekana wazi kwa hesabu ya mfano. Vipimo vifuatavyo ni vya kubuni, si vya Buger. Tuchukue ukuta wima wa udongo uliochongwa kando ya njia, wenye uzito wa kilonyutoni 17 kwa mita ya ujazo, msuguano wa ndani wa nyuzi 25, na usio na ushikamano wowote ila ule unaoletwa na mfyonzo kwa pembe ya nyuzi 15. Mfyonzo ukiwa kilopaskali 50, ushikamano unaopatikana ni kama kilopaskali 13, na kwa kanuni ya kawaida ya kingo wima ukuta unaweza kusimama hadi karibu mita 5. Mvua ikiushusha mfyonzo hadi kilopaskali 10, kimo hicho kinabaki kama mita 1. Ukuta wa mita 3 ungekuwa umeanguka zamani, mfyonzo ulipovuka kilopaskali 30 kuelekea chini. Hakuna wakati wowote katika hesabu hii ambapo udongo ulijaa maji. Mtu aliyeushika kwa mkono wakati unaanguka angesema una unyevu wa kawaida tu. Hesabu hii inarahisisha mambo, kwa mfano inachukulia mfyonzo uko sawa juu hadi chini na inaziacha nyufa za kiangazi, lakini nyufa zingezidisha ubaya, si kuupunguza.

Kwa hiyo mkazi anayengoja kuona maji yakitoka kwenye ukingo, au ardhi ikiwa tope, ndipo ahame, anangoja dalili ambayo huenda isije, na amefundishwa kuingoja na neno. Hapa mtafiti anatofautiana na wanaistilahi wenzake wanaodai kwamba kazi yetu inaisha pale istilahi inapokubaliwa na wataalamu. Onyo la mvua linalosomwa redioni ni matini ya istilahi kama kamusi ilivyo. Badala ya “udongo umeshiba”, mafundi wawili waliozungumza na mtafiti Buger walitumia kitenzi *kulegea*: ukuta umelegea, ukingo umelegea. Kulegea hakuna kikomo cha juu. Kitu hulegea kidogo, kisha zaidi, na mtu hahitaji kungoja kilegee chote ili aogope. Kinaeleza pia kwamba kilichopotea ni nguvu, ambapo kushiba kunaeleza kilichoongezeka tu. Kwa maoni ya mtafiti, kitenzi hiki kinaifasiri fizikia ya Fredlund na Morgenstern kwa usahihi kuliko istilahi yoyote iliyopendekezwa katika sehemu ya 3.4, na hakikuundwa na kamati.

Pingamizi linatarajiwa kutoka kwa watahini kwamba kulegea ni neno la mtaani lisilo na kipimo. Ni kweli. Lakini mfyonzo unaweza kupimwa kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Njia ya karatasi ya kuchujia, iliyoelezwa na Gardner mwaka 1937, huhitaji karatasi ya Whatman namba 42, chombo kisichopitisha hewa, mizani makini, tanuri na subira ya takriban siku saba. Kilopaskali zikipatikana kwa njia hiyo, neno la fundi na tarakimu ya maabara vinaweza kuwekwa katika sentensi moja: ukingo umelegea, mfyonzo umeshuka kutoka hapa hadi pale.

3.6 Neno lililobaki

Imeelezwa hapo juu kwamba udongo unaokauka na unaolowana haufuati njia moja, jambo ambalo W. B. Haines alilieleza mwaka 1930. Ili kujua udongo una maji kiasi gani haitoshi kujua mfyonzo wake wa leo. Sharti kujua ulikotoka. Mtafiti alijaribu “kumbukumbu ya udongo”, akaiacha kwa sababu ileile iliyoiondoa kiu. Alijaribu “uchelewaji”, lakini hakuna kinachochelewa, kwani ukingoja mwaka mzima tofauti inabaki. “Histeresisi”, kwa kutohoa, inatamkika na haidanganyi, ila haimwambii msomaji chochote. Mkulima mmoja, alipoelezwa jambo hilo kando ya shamba lake, alijibu bila kufikiri sana kwamba hata njia ya kupanda mlima si ile ya kushukia. Jibu hilo limempa mtafiti “njia ya kukauka” na “njia ya kulowana” kwa ajili ya mikondo miwili ya mchoro, nazo zimetumika katika Sura ya Tano. Jina la tofauti iliyo kati ya njia hizo mbili bado limeandikwa humo kwa kutohoa, ndani ya alama za mtajo.